HODI NDANI YA KOMPYUTA

Mtoto wa Kiswahili hufunzwa hodi kabla hajafunzwa alifu. Afikapo mlangoni kwa watu husimama, hubisha, husubiri. Akikaribishwa huingia, asipokaribishwa hurudi zake wala hanuni. Adabu hii hatukuitunga sisi watu wa pwani. Imo katika Suratun-Nur, sura ya 24, ambamo waumini wameamrishwa wasiingie nyumba zisizokuwa zao mpaka waombe idhini na wawasalimu wenyewe. Na katika sura hiyo hiyo, aya ya 58, limo jambo ambalo aghalabu twalipita mbio: hata hao waliomo ndani ya nyumba, watumishi na watoto ambao hawajabaleghe, wanazo nyakati tatu ambazo yawapasa kuomba ruhusa kwanza. Nyakati hizo ni kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri, na baada ya sala ya isha.

Mafunzo yake ni makubwa. Kuwa ndani ya nyumba si sawa na kuwa na ruhusa ya kuingia kila chumba, kila saa. Yuko mgeni, yuko mtoto, yuko mtumishi, na yuko mwenye nyumba. Kila mmoja ana mpaka wake, na mwenye nyumba ndiye mwenye ufunguo wa kasha.

Sasa tuiangalie kompyuta. Kutoka Mtwapa hadi Mambrui, nyumba zenye kompyuta zimekuwa nyingi, na aghalabu ni mitumba iliyokwisha kutumika Ulaya au Dubai. Ndani ya kisanduku hicho mna mambo ambayo zamani yalikaa kashani: vyeti vya kuzaliwa na hati za shamba zilizopigwa picha, hesabu za duka, picha za harusi, sauti za wazee waliokwisha kutangulia mbele ya haki wakisoma maulidi, na tenzi za mababu ambazo mjukuu amezitoa katika khati ya Kiarabu akazipiga chapa kwa herufi za Kirumi. Kasha limekuwa la umeme, lakini amana ni ile ile.

Siku moja kompyuta hiyo hugoma, au huandika kwenye kioo kwamba haina leseni. Huitwa kijana ajuaye mambo. Huja na kidude chake cha kuhifadhia faili, hukichomeka, hubofya jina la faili moja, na hapo kioo kizima hufifia, kikatokea kisanduku kinachouliza: je, wairuhusu programu hii ifanye mabadiliko katika kifaa chako? Kijana hubonyeza “Ndiyo” kabla swali halijamalizika kusomwa. Mwenye nyumba yuko pale pale ameshika kikombe cha kahawa, na hajui kwamba hodi imebishwa mlangoni pake na mtu mwingine ameitikia kwa niaba yake.

Makala haya yanahusu hodi hiyo.

WARAKA WA AMRI

Faili aliyoibofya kijana yule, mara nyingi, ni skripti. Skripti ni waraka wa amri. Mtu ameketi akaandika mstari baada ya mstari: nenda katika kabrasha fulani, chukua faili hizi, zibadilishe majina, zile zifute, hizi zipeleke kule. Mashine hupewa waraka huo ikausoma toka juu hata chini, ikatenda kila neno. Haichoki, haisahau, na haiulizi kwa nini.

Si kitu kibaya. Tuseme madrasa ina sauti 600 za darasa, zote zina majina yasiyo na maana kama vile “Sauti 1” na “Sauti 2”. Kwa mkono, kuzipa majina na tarehe ni kazi ya wiki. Kwa skripti ya mistari kumi, ni kazi ya dakika moja. Tuseme duka lataka hesabu zake zinakiliwe kila Alhamisi usiku katika diski nyingine. Skripti itafanya hivyo mwaka mzima bila kukumbushwa. Ni mtumishi mwaminifu kupita kiasi, na hapo ndipo penye hatari yake, kwani humtii aliyeuandika waraka, wala si yule aliye na mashine.

Sisi watu wa Kilifi hatukuanza jana kuishi karibu na mashine zitiizo amri. Kaskazini ya Malindi, katika bahari ya Ngomeni, kuna majukwaa ya San Marco ambayo Waitalia walianza kurushia vyombo vya angani mwaka 1967 na wakamaliza mwaka 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya iliyokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, kilirushwa kutoka hapo chombo cha Wamarekani kilichopewa jina la Uhuru, na kikawa cha kwanza kutumwa angani kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei tu itokayo kwenye nyota. Chombo kama kile hakina akili yake. Huenda kama kilivyoandikiwa, kwa wema au kwa makosa. Na kompyuta ya sebuleni kwako iko vivyo hivyo.

MWENYE UFUNGUO WA KASHA

Basi swali si skripti inafanya nini tu. Swali la pili, nalo ni zito zaidi, ni hili: inaifanya kwa mamlaka ya nani?

Atembeleaye magofu ya Gede, mji ulioingizwa mwaka 2024 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, huonyeshwa katika baadhi ya nyumba za mawe chumba kisichokuwa na mlango wa kawaida. Kuta zake ni nzima, na njia ya kuingilia ni tundu lililo juu ukutani, karibu na dari. Atakaye kuingia sharti aweke ngazi. Hapo ndipo palipowekwa vitu vya thamani. Mgeni aliyekaribishwa barazani hakuweza kujikuta humo kwa bahati mbaya, wala mtumishi hakupita humo akielekea jikoni. Mabwana wale hawakuwa na kompyuta, lakini walijua kwamba mlango mmoja hautoshi, na kwamba kazi ya kuingia hazina yafaa iwe ngumu kidogo, ili aingiaye ajue kwamba anaingia hazina.

Wataalamu wa mashine waliufikia ukweli huo kwa njia yao. Mwaka 1969, katika maabara ya Bell huko Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda mfumo wa Unix. Kompyuta moja ilitumiwa na watu wengi, kwa hiyo kila mtu akapewa chumba chake, na juu yao akawekwa mkuu mmoja ambaye hakuna mlango unaomzuia. Mkuu huyo aliitwa mzizi. Mwaka 1975, Jerome Saltzer na Michael Schroeder wa chuo cha MIT waliandika kanuni ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa ulinzi wa kompyuta: kila mtu na kila programu ipewe mamlaka yale tu yanayohitajiwa na kazi yake, yasizidi. Na karibu na mwaka 1980, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la New York mjini Buffalo, Bob Coggeshall na Cliff Spencer walitunga programu ndogo iitwayo sudo, ambayo humpa mtu wa kawaida ufunguo wa mkuu kwa amri moja, kisha ikauchukua tena.

Kompyuta za majumbani hazikufuata njia hiyo tangu mwanzo. Katika Windows 95 na Windows 98, aliyeketi mbele ya kioo alikuwa sultani: hakuna chumba kilichofungwa. Windows XP ya mwaka 2001 ilijua kutofautisha msimamizi na mtumiaji wa kawaida, lakini majumbani takriban kila mtu alijikuta ni msimamizi bila kuomba. Mwaka 2007 ilipokuja Windows Vista, ndipo kilipoletwa kile kisanduku kiulizacho ruhusa. Watu wakakichukia, wakasema kinasumbua. Kwa kweli kilikuwa kikibisha hodi.

Tofauti ya mambo haya mawili ni kubwa. Skripti inayokwenda kwa mamlaka ya mtumiaji wa kawaida inaweza kugusa vitu vya mtumiaji huyo. Skripti inayokwenda kwa mamlaka ya msimamizi inaweza kuzima programu ya kinga dhidi ya virusi, kujipanda ndani ya mfumo ili iamke kila kompyuta inapowashwa, kuongeza mtumiaji mwingine wa siri, na kusoma faili za kila mtu wa nyumba ile. Wa kwanza ni mgeni aliye sebuleni. Wa pili amepewa ufunguo wa kasha, ngazi, na ruhusa ya kubadilisha vitasa.

BARUA YA MAPENZI

Asidhani mtu, hata hivyo, kwamba mgeni wa sebuleni hana madhara. Tarehe 4 Mei 2000, watu katika nchi nyingi walipokea barua ya kompyuta yenye maneno matatu ya Kiingereza yasemayo “nakupenda”, na ndani yake mna kiambatisho kilichoitwa barua ya mapenzi. Nani asiyefungua barua ya mapenzi? Kumbe haikuwa barua. Ilikuwa skripti, na Windows ilificha herufi tatu za mwisho wa jina lake ambazo zingemtanabahisha msomaji. Ilipofunguliwa iliharibu picha na faili nyingine, kisha ikajituma kwa kila mtu aliyekuwa katika daftari la anwani la mwenye kompyuta. Kwa siku chache ilifika katika mamilioni ya kompyuta. Bunge la Uingereza lililazimika kufunga barua zake za kompyuta kwa muda.

Chanzo chake kilifuatiliwa hadi Manila, Ufilipino. Kijana Onel de Guzman alishukiwa, lakini nchi yake haikuwa na sheria ya kumshitaki kwa jambo lile. Miaka 20 baadaye, mwaka 2020, alikiri kwamba ni yeye aliyeiandika.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza, skripti ile haikuvunja mlango, ilikaribishwa. La pili, haikuhitaji kuwa ya msimamizi ili iangamize picha za watu, kwa kuwa picha zako ni zako, na chochote unachokiendesha kwa jina lako kinaweza kuzigusa. Kwa hiyo anayesema “mimi si msimamizi, niko salama” amekosea. Kuzuia mamlaka kunaiokoa nyumba; kunakoviokoa vitu vyako ni kuwa na nakala. Nitalirudia jambo hilo.

LONDON NA LAMU

Kisa cha pili kinatugusa sisi watu wa hati na tenzi. Maktaba ya Taifa ya Uingereza, British Library, ina mradi wa kupiga picha kumbukumbu zilizo hatarini kupotea katika nchi mbalimbali. Miongoni mwa zilizopigwa picha chini ya mradi huo ni hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ule uliohusishwa na Habib Saleh.

Tarehe 28 Oktoba 2023 maktaba hiyo ilishambuliwa. Kundi lijiitalo Rhysida lilinakili faili nyingi, likazifunga nyingine zisifunguke, likaharibu mashine, kisha likadai bitcoin 20, ambazo wakati ule zilikuwa na thamani ya karibu pauni 600,000. Maktaba haikulipa. Wezi wakazimwaga hadharani faili walizoiba, kiasi cha gigabaiti 600. Orodha ya vitabu haikurudi hewani mpaka Januari 2024, na huduma nyingine zilikawia zaidi.

Mwezi Machi 2024 maktaba ilitoa ripoti ya wazi, jambo la kuheshimiwa. Ilieleza kwamba dalili za kwanza za kuingia wezi zilionekana katika mashine iliyowekwa ili watu wafanye kazi kutoka mbali, ambayo haikuwa na kinga ya kuthibitisha mtu zaidi ya mara moja, na kwamba yamkini walipata siri za kuingilia za mtu mwenye mamlaka makubwa. Wakishaingia walitumia hata zana zile zile zinazotumiwa na wasimamizi wenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Mashine haikuweza kutofautisha baina ya msimamizi wa kweli na mwizi aliyevaa kanzu yake.

Lakini hati za Lamu hazikupotea. Mradi ule haukuzichukua hati zenyewe. Zilibaki kwa wenyewe, na kilichokwenda London ni picha. Maktaba nayo ilikuwa na nakala salama za makusanyo yake ya kidijitali, ila mashine za kuzirudishia ndizo zilizoharibiwa. Akiba haiozi, wasema Waswahili. Taasisi yenye wataalamu na fedha ilinusurika kwa nakala. Je, yule mwenye kompyuta moja ya mtumba, ambaye tenzi za babu yake zimo mahali pamoja tu, atanusurika kwa nini?

BEI YA BURE

Turudi sebuleni kwa yule mwenye kikombe cha kahawa. Skripti inayoletwa mara nyingi katika miji yetu ni ile ya kuifanya Windows isiyolipiwa ijione imelipiwa. Haiwezi kufanya kazi bila mamlaka ya msimamizi, kwani inabadilisha moyo wa mfumo. Na mara nyingi huja na sharti: zima kinga ya virusi kwanza, kwa sababu itaizuia. Msomaji apime mwenyewe. Mgeni amefika saa nane za usiku, akasema ataingia lakini kwanza mfunge mbwa, mzime taa, na mumpe funguo zote. Ni nani atakayemfungulia?

Sisemi kwamba kila kijana fundi ni mwizi. Wengi wao ni watoto wetu, wana bidii, na hata wao hawajui kilichomo katika faili waliyoipata kwa rafiki ambaye naye aliipata kwa rafiki. Huo ndio ubaya wake: mnyororo mrefu wa watu wanaoaminiana, na mwishoni mwake yuko mtu asiyejulikana ambaye ndiye aliyeandika amri. Suala la haki ya mwenye kutengeneza bidhaa, na uhalali wa kuitumia bila kumlipa, nawaachia masheikh na mahakimu. Mimi nazungumzia amana ya waliomo ndani ya kompyuta ile.

Wala ufukara si udhuru wa mwisho. Upo mfumo wa Linux, ambao ni halali na ni bure, na programu za kuandikia na za hesabu ambazo hazidai leseni ya kuibwa. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, iliyoitwa Jambo OpenOffice, ili ionekane kwamba hata lugha yetu yaweza kukaa katika mashine hizi bila kuomba kwa mtu.

LA KUFANYA

Ndugu wasomaji, tahadhari kabla ya hatari. Mambo ya kufanya si mengi, wala hayahitaji chuo.

Kwanza, kompyuta ya nyumbani iwe na watumiaji wawili au zaidi. Mmoja awe msimamizi, mwenye neno la siri linalojulikana na mkuu wa nyumba tu. Wengine wote, na mkuu mwenyewe katika kazi zake za kila siku, waingie kama watumiaji wa kawaida. Hapo kisanduku kile kikitokea hakitaridhika na “Ndiyo”. Kitadai neno la siri, na mwenye nyumba hana budi kuitwa. Ngazi ya Gede imerudi mahali pake.

Pili, skripti isomwe kabla ya kuendeshwa. Ni maandishi tu, na hufunguka katika programu yoyote ya kuandikia. Asiyejua kuisoma amtafute ajuaye, kama vile asiyejua Kiarabu amwendeavyo mwalimu kabla ya kutia sahihi waraka. Dalili za kuogopa ni hizi: ikiwa inaamuru kinga ya virusi izimwe; ikiwa inaita waraka mwingine kutoka intaneti na kuuendesha papo hapo; au ikiwa imejaa herufi zilizochanganywa makusudi zisisomeke. Fumbo katika shairi ni pambo. Fumbo katika skripti ni mtu anayeficha uso.

Tatu, iulizwe kama kweli kazi yahitaji mamlaka hayo. Kubadilisha majina ya sauti za darasa hakuhitaji msimamizi. Kuweka mashine mpya ya kuchapisha kwaweza kuhitaji. Skripti ya kazi ndogo inayodai ufunguo mkubwa irudishwe mlangoni.

Nne, ziwepo nakala, angalau moja katika diski ambayo haikai imechomekwa, na nyingine katika nyumba nyingine. Mwenye Malindi na ampe wa Takaungu. Diski iliyochomekwa daima hufungwa pamoja na kompyuta siku wezi wafikapo, na nakala inakuwa si nakala tena.

Tano, fundi aulizwe kwa adabu: waendesha nini, umekitoa wapi, na kwa nini chataka mamlaka ya msimamizi? Fundi mwema hatakasirika. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 juu ya makosa ya kompyuta inamtia hatiani aingiaye katika kompyuta ya mtu bila idhini, na adhabu yafika shilingi milioni 5, au kifungo cha miaka mitatu, au vyote viwili. Lakini sheria humlinda asiyetoa idhini. Aliyebonyeza “Ndiyo”, au aliyenyamaza kijana akimbonyezea, atakuwa na kazi kubwa ya kueleza kwamba hakukusudia.

Wazee wetu waliporithisha tenzi walimtazama kwanza mrithi: anajua kuhifadhi, au ni wa kuazimisha kila apitaye? Sisi nasi tumerithi, na kasha letu sasa lina kioo na vibonye. Anayebisha hodi bado yuko mlangoni, na kumwambia “ngoja kwanza, nikujue” si ukosefu wa ukarimu. Katika nyumba ya Kiswahili, hiyo ni haki ya mwenye nyumba, na kwa aliyeachiwa amana ni wajibu wake.